Miezi saba na mpiga besi wa kwenye laptopu

Miezi saba iliyopita mpiga besi wetu alipata kazi ya mbali. Akatuaga, akabeba amplifaya lake lenye spika ya inchi 15, na ile kona aliyokuwa anasimama ikabaki na alama nne za magurudumu kwenye zulia la chumba cha mazoezi. Wiki iliyofuata mpiga gitaa akaingia na laptopu kwapani. "Kaka, tusihangaike kutafuta mtu," akaniambia. "Huyu hachelewi, haugui, wala hanuni." Mimi ndiye mpiga dramu, na dramu na besi ni kama ndoa, yaani ndiye niliyekuwa naachwa mjane. Nikaguna tu, nikakaa kwenye kiti changu.

Ninachokitathmini hapa basi ni programu ya besi, ile ya kuweka kwenye kompyuta ikakupigia gitaa la besi ambalo hakuna aliyelishika. Jina silitaji. Ndani ya miezi hiyo tumejaribu na nyingine mbili, na zote tabia zao ni za ukoo mmoja. Nikiitaja moja nitakuwa nimeionea.

Kwa asiyewahi kuiona: ndani yake kuna besi ya kweli iliyorekodiwa freti kwa freti (vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa), kila noti mara kadhaa kwa nguvu tofauti. Wewe unachora vijisanduku kwenye skrini. Kisanduku kirefu ni noti ndefu, kifupi ni noti fupi, na kila kimoja unakipa nguvu kuanzia 1 hadi 127, kipimo kile kile cha MIDI, lugha ya vyombo vya kielektroniki, tulichonacho tangu 1983. Kuna kitufe cha kuchagua vidole au piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi. Kuna kingine cha kuamua nyuzi ni mpya au zimechakaa, na kingine cha kuongeza au kupunguza zile kelele za vidole vinavyosugua nyuzi. Hicho cha mwisho kilinichekesha. Tulitumia miaka kumwambia jamaa yetu apunguze kusugua nyuzi, leo tunakaa mbele ya kompyuta tunajadili tuongeze kiasi gani.

Sauti yenyewe haina kasoro, na niseme hivyo mapema ili nisionekane nimekuja na kinyongo. Jioni ya kwanza nilivaa visikilizio nikabonyeza E ya chini kabisa, uzi wa nne ukiwa wazi, hertzi 41. Ilikuja imejaa, imetulia, haina mtetemo wa ovyo. Besi ya mwenzetu ilikuwa na freti ya saba inayolia nzzz kila ikiguswa, na uzi wa A uliokuwa unalegea kila chumba kikipata joto. Hii haijui joto. Ukitaka kushusha mpaka D, au hata C, noti haipwayi kama uzi uliolegezwa. Kwa sauti pekee, ingekuwa mashindano ya kusikiliza noti moja moja, laptopu ingeshinda asubuhi na mapema.

Tukarekodi nyimbo tatu. Kila kitu kilikuwa mahali pake na nyimbo zote zikawa zimelala chali.

Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza, maana fundi wa kurekodi alikuwa amenigeukia mimi. Alidhani napiga kwa uvivu. Nilimwomba faili za rekodi yetu ya zamani, wimbo wa mapigo 140 kwa dakika tuliourekodi na mpiga besi wetu, nikaweka mawimbi ya dramu juu na ya besi chini yake, nikavuta picha karibu hadi milisekunde zikaonekana. Kwa kasi hiyo pigo moja lina milisekunde 428 na ushei, kwa hiyo milisekunde kumi au kumi na tano ni kitu kidogo sana, ukope wa jicho.

Kwenye beti, noti zake zilikuwa zinaanza nyuma kidogo ya dramu langu la mguu. Milisekunde 12, 15, mara nyingine 20. Tukikaribia kiitikio alikuwa ananisogelea, na katika baa mbili za mwisho (baa ni fungu la mapigo) kabla ya kiitikio alikuwa ameshanipita kabisa, kama mtu anayekuvuta mkono mvuke barabara. Mimi miaka yote niliamini kwamba kiitikio kile kinaruka kwa sababu ya matoazi yangu.

Lakini mwanzo wa noti ulikuwa nusu tu ya habari. Nilipoangalia zinapoishia, nikasimamisha kila kitu. Kila nilipopiga sneya, lile dramu lenye mlio mkali, besi ilikuwa imeshakata. Kimya kidogo, kisha paa, sneya, kisha besi inaingia tena. Nilihesabu sneya 32. Alikata kabla ya 29. Zile tatu alizoacha noti ipite juu yake zilikuwa pale ambapo mwimbaji alikuwa anavuta neno refu, na kukata kungemwacha hewani peke yake. Sneya yangu ilikuwa inasikika kubwa kwa sababu kuna mtu alikuwa anaipisha.

Nikampigia simu usiku ule ule. Akacheka. "Mzee, mbona nilikuwa nakuangalia bega. Likipanda tu, naachia."

Sasa rudi kwenye laptopu. Kisanduku ukikichora kijaze robo nzima, yaani pigo zima, noti inalia robo nzima, inapita juu ya sneya, inaimeza. Ukikichora kifupi, kinakuwa kifupi mahali pote, hata pale kwenye zile noti tatu za mwimbaji. Waliotengeneza hawakulisahau jambo hili, kuna kitufe kinachodai kuipa besi ubinadamu. Ukikisukuma, programu inazitawanya noti kwa bahati nasibu, hii milisekunde 8 mbele, ile 5 nyuma, hii nguvu 92, ile 101. Nilikisukuma mpaka mwisho. Ikawa inayumba kama mlinzi aliyekesha. Kuchelewa kwa mwenzetu kulikuwa na sababu, kulikuwa na beti na kiitikio ndani yake. Huku ni kurusha kete, na kete haijui kiitikio kinakuja.

Basi nikafanya mwenyewe kwa mkono. Jioni nne, kipanya mkononi, nikikata kila noti kabla ya sneya, nikirudisha beti nyuma kwa milisekunde 14, nikisogeza mbele zile baa mbili. Na wimbo ukasimama! Wimbo wa dakika tatu na nusu, jioni nne. Anayeuza programu hizi kwa kusema zinaokoa muda hajawahi kukaa karibu na sneya.

Jambo dogo la haraka, kwa sababu nimeona watu wanalikuza: ucheleweshaji wa kompyuta, yaani muda kati ya kubonyeza na kusikia. Ukiiweka ifanye kazi kwa mafungu ya sampuli 256 (vipande vidogo mno vya sauti) kwenye kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, inachelewa karibu milisekunde 6. Sauti hewani inaenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo hiyo ni sawa na kusimama mita mbili kutoka kwenye spika. Mimi nimekaa mita tatu kutoka kwa mpiga gitaa maisha yangu yote. Tusisumbuane na hilo.

Kabla sijaonekana mzee anayelilia nyuzi, niikumbushe nafsi yangu kwamba roki haijawahi kuwa bikira katika jambo hili. The Doors, bendi ya Marekani ya miaka ya 1960, hawakuwa na mpiga besi jukwaani. Ray Manzarek, mpiga kinanda wao, alikuwa anapiga besi kwa mkono wa kushoto kwenye kibodi ndogo ya Fender Rhodes iliyowekwa juu ya kinanda chake, huku wa kulia ukiendelea na mambo mengine. Ila angalia: ule ni mkono wa mtu, na mtu huyo alikuwa anamwona mpiga dramu. Na wakiingia studio walikuwa wanakodi wapiga besi, albamu ya L.A. Woman ya 1971 besi yake imepigwa na Jerry Scheff. Bendi ya ZZ Top nayo, kwenye albamu ya Eliminator ya 1983, walijaza sinthesaiza (vinanda vya kutengeneza sauti kwa umeme) na mashine za dramu hadi wapenzi wao wa zamani wakajishika kichwa, na albamu hiyo ikauza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani pekee. Gitaa la Billy Gibbons wao ndilo lililobaki likiwa na vumbi mwilini, na kwangu mimi ndilo lililoiokoa isiwe muziki wa kupasha misuli.

Mwaka huo huo New Order, bendi ya Uingereza, wakatoa wimbo wa Blue Monday. Huo ndio mfano ninaoutumia tukibishana kwenye bendi, kwa sababu ndani yake kuna besi mbili. Ile ya chini ni sinthesaiza inayoendeshwa na sikwensa, mashine ya kurudia noti zilizopangwa, inakimbia bila kupepesa. Juu yake mpiga besi wao, Peter Hook, anapiga gitaa la besi kwenye freti za juu, kama anaimba. Hawakuulizana nani amfukuze nani. Mashine ilipewa kazi ambayo mkono wa mtu ungechoka nayo, na mtu akapewa kazi ambayo mashine ingeifanya kama inasoma risiti. Mwaka mmoja baadaye Prince alitoa When Doves Cry bila besi yoyote, wala ya mtu wala ya mashine, na ikashika namba moja Marekani. Kwa hiyo hata hii besi tunayoigombania ina siku ambazo haihitajiki.

Halafu kuna Roland TB-303, ambayo hainitoki akilini kila nikiitazama hii laptopu. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisanduku cha fedha kilichokusudiwa kumpigia besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Yaani shida yetu hii hii. Ilishindwa vibaya, haikusikika kama gitaa la besi hata kidogo, na kufikia 1984 ikaacha kutengenezwa. Zikaishia kuuzwa kwa bei ya kutupwa, vijana wa Chicago wakaziokota, wakazungusha filta, kitufe cha kuchuja sauti, huku zinalia, na 1987 kundi la Phuture likatoa wimbo wa Acid Tracks. Chombo kilichofeli kuwa mpiga besi kikawa kitu kingine kabisa ambacho hakuna mpiga besi anayekiweza.

Hilo ndilo lililonifungua macho kuhusu wimbo wetu mmoja. Ni wimbo wa noti za nane, mbili kwa kila pigo, zinazokimbia moja kwa moja, dakika tano, noti ile ile, bila kupumzika. Mwenzetu alikuwa anauchukia. Akifika dakika ya nne mkono unakakamaa na noti zinaanza kulegea. Tukajaribu kuupiga kwa ile besi ya kurekodiwa freti kwa freti, ikawa kichekesho: programu ilikuwa inazungusha rekodi chache zile zile, na noti za haraka za aina moja zikasikika kama bunduki ya mtoto. Mpiga gitaa akafuta yote, akaweka sinthesaiza ya kawaida, wimbi la msumeno, filta imefungwa hadi nusu, inafunguka polepole kuelekea mwisho. Haijifanyi gitaa. Na jamani, niliposikia, nilicheka kwa furaha. Nilipiga wimbo ule kwa dakika tano nikiwa nimeegemea ukuta usiotikisika. Ile kazi ya kumbeba mtu aliyechoka niliitua, mikono yangu ikapata uhuru wa kucheza na matoazi. Kwa wimbo huo besi ya mtu hairudi, na nitamwambia yeyote atakayekuja.

Tahadhari moja kwa wanaotaka kufanya hivyo: usikilize kwenye simu kabla ya kukubali. Spika ya simu haiwezi kutoa hertzi 41. Gitaa la besi linanusurika kwa sababu uzi wake unatoa na mawimbi ya juu yake, 82, 123 na kuendelea, na ubongo unajazia lile la chini lililokosekana. Sinthesaiza ukiisafisha mno, ikabaki wimbi laini tupu lisilo na yale mawimbi ya juu, kwenye simu wimbo wako hauna besi kabisa. Tulilijua hilo kwa aibu, baada ya kumtumia mwimbaji faili akauliza besi tutaweka lini.

Jukwaani ndiko kulikonitoa jasho. Onyesho la tatu, wimbo wa mwisho. Mimi nina kliki sikioni, ule mlio wa kuhesabu mapigo, besi inatoka kwenye laptopu, kila kitu kimefungwa kwa mapigo. Watu wakaanza kuimba kiitikio wenyewe, kwa sauti kubwa kuliko ya mwimbaji. Mwimbaji akafanya anachofanya siku zote: akanyanyua ngumi, maana yake turudie. Mpiga besi wetu angeiona ile ngumi kabla sijaiona mimi. Laptopu ikaendelea na safari yake, ikaingia kipande cha kati, ambacho kiko kwenye ufunguo mwingine. Mpiga gitaa akamfuata mwimbaji. Mimi, kliki ikiwa imeniziba masikio, nikaifuata mashine. Kwa baa nane jukwaa lilikuwa na bendi mbili, na mimi nilikuwa kwenye ile mbaya. Mwishowe mpiga gitaa akasogea akaifunika laptopu kwa kiganja, na tukamaliza kiitikio bila besi. Kilisikika kama mvua kwenye bati.

Hakuna aliyetuzomea. Mmoja tu alituambia baadaye, "Mwishoni pale mlikonda ghafla." Neno zuri. Nimelitumia tangu siku hiyo.

Ni kweli kuna dawa. Unaweza kuugawa wimbo vipande na kila kipande ukakiita kwa pedali ya mguu. Tumefanya hivyo. Ila mguu wangu wa kulia uko kwenye dramu, wa kushoto uko kwenye matoazi, kwa hiyo kazi ikaenda kwa mpiga gitaa, ambaye tayari ana pedali sita. Sasa anatazama chini onyesho zima. Na ukiwa na kliki sikioni kuna mambo hayafanyiki tena: kuharakisha kidogo kwenye kiitikio cha mwisho, kuvuta pumzi kabla ya pigo la kumalizia. Keith Moon, mpiga dramu wa bendi ya The Who, alikuwa anavaa visikilizio jukwaani kupiga Won't Get Fooled Again juu ya sehemu ya sinthesaiza iliyorekodiwa, na akawa bado ni radi. Najua. Lakini Keith Moon kando yake alikuwa na mpiga besi John Entwistle, mtu wa nyama na damu. Mimi kando yangu nina chaja.

Kati ya hayo tulijaribu pia kukodi mpiga besi wa kurekodi kwa mbali. Unamtumia faili, anakurudishia. Alituletea besi safi baada ya siku mbili, mitindo mitatu tuchague, na alikata kabla ya sneya bila kuambiwa. Nilitaka kumkumbatia kupitia kebo. Kasoro yake ni ya maumbile ya kazi yenyewe: yeye ananisikia mimi, mimi simsikii yeye. Dramu zilikuwa zimesharekodiwa. Alinifuata vizuri sana popote nilipokwenda, hata pale nilipokuwa nimepotea. Kwa nyimbo mbili zilizokwama, nampa alama nane kwa kumi.

Programu nayo ninaipa mbili tofauti. Kwa mtu anayetunga peke yake usiku na anataka kusikia wimbo ukiwa na mwili kabla ya kuwaamsha wenzake: tisa. Mpiga gitaa wetu tangu aipate anatunga vizuri zaidi, kwa sababu zamani alikuwa anatunga rifu, vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, zinazojaza kila pembe. Sasa anasikia besi na anaiachia nafasi. Kwa bendi ya roki yenye mpiga dramu anayekaa nyuma yake jukwaani: nne. Na hizo nne ni za sauti. Ukiinunua, fanya mambo mawili siku hiyo hiyo: zima kitufe cha ubinadamu, na anza kufupisha visanduku.

Mwezi uliopita amekuja kijana wa kujaribiwa. Besi yake imekwaruzwa mgongoni na ukanda, nyuzi zake zimekuwa nyeusi, nilipomuuliza alizibadilisha lini akanijibu, "Zinabadilishwa?" Nikakumbuka kwamba James Jamerson, ambaye alipiga besi nusu ya nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown tunazozipenda na alizipiga kwa kidole kimoja cha shahada, hakuwa mtu wa kubadilisha nyuzi pia, nikanyamaza. Wimbo wa kwanza alikosea mwanzo wa beti ya pili, akaruka baa nzima, akanitazama ameduwaa. Nikanyanyua fimbo juu, juu kuliko ninavyohitaji, na bega likapanda nalo. Akaingia palepale.

Tumemchukua. Laptopu imebaki kwa ule wimbo wa dakika tano tu, na yeye ndiye anayeikanyagia pedali ianze. Baada ya hapo hana kazi, kwa hiyo tumempa tari. Anawahi kila pigo.